Mkono wa Mgeni katika Kura ya Mwenyeji

Wahenga walituachia misemo miwili juu ya mgeni, nasi twaitamka yote miwili bila ya kuona kwamba inavutana. Wa kwanza wasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wa pili wasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wa kwanza wamfanya mgeni kuwa dawa. Wa pili wamtaka ashike mpini kama wenziwe, apate uenyeji kwa jasho. Lakini hapana usemi niujuao unaotufundisha la kufanya pale mgeni anapokuja si kwa kula wala kwa kulima, bali kwa kutusaidia kumchagua wa kututawala. Je, msaada huo ni dawa, au ni sumu? Na anayeupokea ni mwenyeji mkarimu, au ni mwenye kuiuza nyumba ya wenziwe?

Suala hili liliwatikisa Wamarekani kwa miaka kadhaa. Katika uchaguzi wao wa mwaka 2016 Urusi iliingiza mkono wake kwa njia ya mitandao na kwa kuiba barua za siri za chama kimoja. Mwezi wa Juni mwaka huo, mwana wa mgombea Donald Trump na wasaidizi wake wawili wakuu walikutana mjini New York na mwanasheria wa Kirusi, baada ya kuahidiwa habari za kumchafua mshindani wao. Mkutano ulipojulikana mwaka 2017, taarifa ya kwanza iliyotolewa ilidai kwamba mazungumzo yalihusu hasa kuasili watoto wa Kirusi. Ripoti ya Robert Mueller iliyotangazwa Aprili 2019 ilithibitisha kuwa Urusi iliingilia kati, ikaorodhesha mawasiliano mengi baina ya Warusi na watu wa kampeni, ila haikuthibitisha kwamba walikula njama pamoja. Wengine wakasema, basi, hapakuwa na kosa. Wengine wakasema, kama hapakuwa na kosa, uongo ule ulikuwa wa nini?

Nayaandika haya nikiwa Inyonga, makao ya Wilaya ya Mlele mkoani Katavi, katikati ya misitu ya miombo ambamo Wakonongo huning'iniza mizinga yao. Yamkini msomaji wa pwani atauliza: Inyonga na Washington wapi na wapi? Namjibu kwamba jambo hili ni la kwetu tangu kale, na kwamba katika hadithi zake sisi hatukuwa kila mara upande wa walioingiliwa.

Tuanze na Unyanyembe, kaskazini ya hapa. Alipofariki mtemi Fundikira, kiasi cha mwaka 1858, alitawazwa Mnywa Sere. Mtemi huyu akawatoza ushuru wafanyabiashara waliotoka pwani na pembe za ndovu na vitambaa vyao. Wafanyabiashara hawakuridhika. Waarabu na Waswahili wa Kazeh wakamng'oa kwa bunduki, wakamweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere akawa mtu wa porini, akipigana kwa miaka, mpaka alipouawa mwaka 1865. Mwaka 1871 ilikuwa zamu ya Mirambo kuifunga njia. Na ni vita vyake hivyo vilivyomlazimisha Stanley kuzunguka kusini, akakatiza Ukonongo, nchi hii hii, akielekea Ujiji.

Msomaji mpenzi, tazama ni nani aliyekuwa mgeni katika kisa hicho. Ni sisi, watu wa pwani, wenye kanzu na mashairi. Tuliingia na bidhaa, tukapokewa kwa heshima, kisha tukamchagulia mwenyeji mtemi aliyetufaa sisi. Tukitaka kuhukumu mkono wa mgeni, basi na tuanze na mkono wetu.

Kutoka hapo nitaruka karibu miaka mia moja, nifike mahali ambapo Mwafrika ndiye aliyekuwa mgeni katika kampeni ya Marekani. Tom Mboya, kijana wa vyama vya wafanyakazi nchini Kenya, alikuwa akitafuta nauli za vijana waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani. Ndege ya kwanza iliondoka mwaka 1959 na wanafunzi 81. Mwaka 1960 waliotaka kwenda walikuwa wengi zaidi na fedha hazikuwapo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikwisha kukataa. Julai mwaka huo Mboya akaenda kumwona Seneta John Kennedy, mgombea urais, nyumbani kwake Hyannis Port. Taasisi ya familia ya Kennedy ikaahidi dola 100,000. Mara upande wa Richard Nixon nao ukazinduka, na wizara ile ile iliyokataa ikajitokeza na fedha. Seneta Hugh Scott akamshutumu Kennedy kwamba atumia mali ya taasisi ya sadaka kwa siasa. Kennedy akajibu. Ugomvi ukafika Senetini, na kila kitu kikawekwa mezani: nani katoa, kiasi gani, kwa ajili ya nani.

Kennedy alishinda Novemba 1960 kwa tofauti isiyofika kura 120,000 kati ya takriban milioni 68. Alizitaka kura za Wamarekani weusi, na urafiki wake na Mboya haukumdhuru. Mboya naye aliutaka msaada, na miongoni mwa waliosafiri mwaka huo alikuwamo binti aitwaye Wangari, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Wangari Maathai. Je, Mboya aliingilia uchaguzi wa watu? Kila mmoja alijua anachokitaka kwa mwenziwe. Lakini mpiga kura wa Marekani alisoma habari hizo gazetini kabla ya kupiga kura yake. Aliyependezwa akapendezwa, aliyechukia akachukia. Hapo ndipo naanza kuona kwamba ubaya hauko katika kukutana na mgeni. Kukutana ni desturi ya dunia. Lau ungekuwa ubaya, bandari zetu zote zingekuwa dhambi.

Kwa hiyo, ubaya uko wapi? Wapo wasemao uko katika ugeni wenyewe: kwamba chama chochote chenye rafiki ng'ambo ni chama cha wasaliti. Kauli hii ni nyepesi kutamka, na Zanzibar inajua uzito wa malipo yake. Katika kampeni za 1957 hadi 1963, Hizbu ilikuwa na marafiki zake Misri ya Gamal Abdel Nasser. Wanafunzi walipelekwa Kairo, na redio ya Kairo ilisema nasi kwa Kiswahili. Afro-Shirazi nayo ilikuwa na marafiki zake TANU, ng'ambo ya mkondo. Kila upande uliutazama urafiki wa mwenziwe ukauita uingiliaji, na urafiki wake ukauita udugu. Laiti wangeishia hapo! Lakini kutoka kwenye kusema "chama chenu kina wageni," ulimi uliteleza hata ukasema "nyinyi wenyewe ni wageni." Huyu akaambiwa arudi Manga, yule akaambiwa arudi bara. Juni 1961, katika ghasia zilizozuka siku ya uchaguzi, watu 68 waliuawa. Yaliyofuata Januari 1964 kila nyumba visiwani ina habari zake, nami sitayafukua hapa.

Funzo nilipatalo ni kwamba tuhuma ya mkono wa mgeni yaweza kuwa silaha mbaya kuliko mkono wenyewe. Hapa Katavi twaishi na watu wa Katumba na Mishamo, ambao wazee wao waliikimbia Burundi mwaka 1972. Wengi wao walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Walishika jembe siku ya tatu, wakalishika miaka arubaini. Mwenye kusema leo kwamba kura ya mtu huyo ni mkono wa nje, huyo hailindi nchi. Anaifunga njia ambayo wahenga wenyewe waliifungua.

Tena tuhuma hutafsiri vibaya. Mimi ni mfasiri niliyejifunza kazi kwa kamusi na kwa kukosolewa, nacho kisa cha Januari 1965 hakinitoki akilini. Wanadiplomasia wawili wa Marekani, Frank Carlucci aliyekuwa Zanzibar na Robert Gordon aliyekuwa Dar es Salaam, walifukuzwa nchini kwa tuhuma za kupanga kuipindua serikali. Ushahidi ulikuwa mazungumzo ya simu yaliyonaswa, ambamo ilitajwa haja ya kupata risasi na baruti. Wamarekani walieleza kwamba katika Kiingereza chao neno hilo hutumika pia kwa maana ya hoja nzito, na kwamba hoja hizo zilitakiwa ili wakubwa wao wakubali kutuma salamu za maadhimisho ya Mapinduzi. Miezi michache kabla, Novemba 1964, nyaraka za njama ya nchi za Magharibi zilitangazwa kwa kishindo, baadaye zikaonekana ni za kughushi. Sisemi kwamba Marekani ya siku hizo ilikuwa malaika. Kongo ilikuwa ikiwaka moto jirani, na mwenye kuogopa alikuwa na sababu. Nasema tu kwamba hofu ni mfasiri mwepesi mno: neno moja huwa na maana mbili, nayo hushika ile iuayo.

Hata hivyo, tusije tukakimbia tuhuma za uongo tukaangukia usingizi. Mwezi Machi 2018, waandishi wa Channel 4 ya Uingereza waliwarekodi kwa siri wakubwa wa kampuni ya Cambridge Analytica wakijigamba kwamba nchini Kenya walikibadilisha chama sura mara mbili, wakakiandikia ilani na hotuba, wakawahoji makumi ya maelfu ya watu. Chama cha Jubilee kilikiri kuwa kampuni mama iliajiriwa, ila kwa kazi ya kujitangaza tu. Yumkini majigambo yale yalitiwa chumvi, maana muuzaji husifu bidhaa yake. Lakini mpiga kura wa Kisumu au wa Lamu, aliyesikiliza hotuba akadhani anasikia sauti ya kiongozi wake, alikuwa na haki ya kujua kalamu ilishikwa na nani. Hakuambiwa.

Hapa pana pingamizi zito, nami sitalikwepa. Mtu ataniambia: je, wapigania uhuru? Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoundwa mwaka 1963 na kuweka makao Dar es Salaam, ilipokea fedha na silaha kutoka nje, na mengi yalikuwa siri. Je, FRELIMO walikuwa wasaliti? La hasha. Lakini tuulize, walimficha nani? Walimficha mtawala aliyewanyima watu wao kura. Siri yao ilikuwa ngao mbele ya mwenye bunduki. Siri ya mgombea katika nchi yenye kura ni ya namna nyingine kabisa: yeye hamfichi adui, anamficha yule yule anayemwomba amwamini. Siri ya kwanza yamlinda mnyonge. Ya pili yamghilibu. Na siri ya kwanza nayo ina muda wake: siku uhuru upatikanapo, mpiganaji huwa amekwisha daiwa hesabu. Asiyeitoa hugeuza ngao kuwa pazia.

Wala sidai kwamba uwazi wasafisha kila kitu. Mgombea aweza kutangaza mchana kwamba amepewa fedha na tajiri wa ng'ambo, na bado akawa amejifunga kamba shingoni. Ndiyo maana nchi nyingi zimekataza kwa sheria fedha za nje katika uchaguzi, na naona zimefanya vyema. Kwani zawadi ya siasa si kama sahani ya futari. Anayepokea ni mmoja, watakaolipa ni wote, kwa madini, kwa mikataba, kwa bandari au kwa kura huko kwenye mabaraza ya dunia. Uwazi hauliondoi deni. Bali wawapa wadaiwa nafasi ya kulikataa kabla halijaandikwa. Nami nimeyatia haya katika ubeti mmoja:

Zawadi tukiletewa, na iletwe hadharani,
Mleta kutambuliwa, ni nani wa nchi gani,
Ya gizani kupokewa, hulipwa na majirani,
Deni tulilofichiwa, haliishi maishani.

Wala asali hapa Inyonga, mpenzi msomaji, hatumwulizi nyuki ametua ua gani. Msitu ni mpana na nyuki haujui mpaka wa wilaya. Tunachouliza ni mzinga ni wa nani, na nani aliyepanda usiku kuushusha. Mawazo, vitabu, elimu, nauli za wanafunzi, hata nyimbo za kampeni, vyote hivyo ni maua, na hakuna taifa lililonawiri kwa maua yake peke yake. Kiswahili chenyewe ni ushahidi. Lakini mzinga, yaani uamuzi wa nani atawale, una mwenyewe, naye ni yule anayesimama kwenye foleni siku ya kura.

Basi namwachia kila mgombea, awe wa Washington, Nairobi, Unguja au Mlele, maswali matatu. Je, aliyokuambia mgeni wako waweza kuyakariri barazani mbele ya waliokutuma? Je, siku akija kudai, atakayelipa ni wewe au ni wao? Na je, ukimshutumu mwenzio kwa mgeni wake, uko tayari kumtaja na wako? Asiyeweza kujibu la kwanza ana jambo la kuficha. Asiyeweza la pili amekopa kwa jina la wengine. Asiyeweza la tatu hatafuti haki, anatafuta fimbo.

Tumefundishwa kwamba kura ni siri, na ni kweli. Lakini siri hiyo ni ya mpiga kura peke yake, naye alipewa ili asitishwe na mwenye nguvu. Mwenye kuomba kura hakupewa siri yoyote.