Papa ni Halali: Na Kumkata Mapezi Je?

Ndugu msomaji, huenda ukastaajabu: papa ana nini hata aandikiwe makala? Ni samaki, na samaki wa baharini katika madhehebu yetu ni halali, hana haja ya kuchinjwa, na hata akifa mwenyewe huliwa. Hayo ni kweli wala sikukusudia kuyapinga. Mchuzi wa papa mkavu kwa nazi nimelelewa nao kama ulivyolelewa wewe. Lakini liko swali ambalo neno halali peke yake halilijibu.

Wazee wetu walipomvua papa hawakutupa kitu. Nyama ilipasuliwa ikatiwa chumvi, ikaanikwa ikawa ng'onda. Ini lilitolewa mafuta, ile sifa tuijuayo kwa harufu yake, ikapakwa vyombo ili mbao zisioze. Majahazi yaliyokuja na kaskazi nayo yalishusha papa mkavu Unguja na Mombasa. Mapezi yaliuzwa vilevile yakaishia Uchina, kwani biashara hiyo si ya jana, lakini mapezi yalikuwa ziada juu ya samaki.

Tangu miaka ya 1980, utajiri ulipozidi Uchina na Hong Kong na wala mapezi wakawa wengi, mambo yalipinduka, samaki akawa ndiye ziada. Mapezi ni kama kilo 5 tu katika kila kilo 100 za papa, na kilo hizo chache ndizo zenye bei. Basi katika merikebu za bahari kuu papa huvutwa juu, hukatwa mapezi yu hai, na kiwiliwili hutupwa majini kisije kikajaza nafasi ya samaki wa bei. Papa wengi hupumua kwa kuogelea, maji yapite mashavuni. Asiyeweza kuogelea huzama mpaka chini, akafa polepole kwa kukosa pumzi. Nchi nyingi zimelikataza tendo hili, lakini bahari ni pana na macho ni machache.

Na haya yote ni kwa ajili ya nini? Pezi halina ladha. Ni nyuzi za utelezi tu, na utamu wa supu hutoka kwa kuku aliyepikwa nayo. Huandaliwa arusini ili mwenye karamu aonekane mtu. (Tusiwacheke Wachina upesi, ni wangapi kwetu waliokopa ili arusi ya mtoto isemwe mtaa mzima?) Na mwaka 2012 serikali ya Uchina yenyewe ilitangaza kwamba itayaondoa mapezi katika karamu zake rasmi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachojulikana vyema na wanavyuoni wetu, ameligusa jambo lenyewe hasa. Maana ya maneno yake ni kwamba samaki aliye hai asikatwe kipande. Lakini mtu akishakata, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa kipande hicho chaliwa. Zitazame vyema, msomaji, hukumu hizi mbili zilizokaa pamoja. Kinywa kimeruhusiwa, ilhali mkono umezuiwa. Wengi wetu husikia ile ya kinywa tukaondoka darsani. Wala mlaji hawezi kusema, mimi ni kinywa tu, mkono si wangu. Kwani mkono ule usingekata lau kinywa hakilipi.

Ukatili ni nusu ya jambo. Jodari hutaga mayai kwa mamilioni. Papa huchelewa kukomaa, na aina nyingi huzaa watoto wachache. Wako wabebao mimba karibu miaka 2. Wataalamu walioandika mwaka 2021 walikuta kwamba papa na taa wa bahari kuu walipungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Maldivi, ndugu zetu katika dini na katika bahari hii hii, walipiga marufuku uvuvi wa papa mwaka 2010, nao ni watu waishio kwa samaki.

Utasema mvuvi wetu hatupi kiwiliwili, nyama yote huliwa. Ni kweli, na katika ule ukatili tumesalimika kwa kiasi. Lakini bei ya mapezi imefika hata kwetu, nalo jarife halichagui. Hunasa mama mwenye mimba, hunasa na vitoto vya urefu wa mkono. Mimi siwezi kumlaumu mtu mwenye deni la chombo na watoto wasiolala bila kula. Akiambiwa aache, ale nini usiku huo? Neno hili nalielekeza kwanza kwa tajiri anunuaye mapezi, ambaye akikosa faida hii anayo nyingine, kisha kwako na kwangu tushikao kikapu. Kitoto cha papa sokoni ni halali yako. Unaweza pia kukiacha ukanunua changu au dagaa, na usiku huo nyumbani kwako hakuna atakayelala na njaa.

Siku utakapomkuta papa mkubwa kwenye meza ya mnada, mtazame mgongoni na ubavuni. Utaona mahali palipokatwa. Muulize muuzaji mapezi yako wapi. Huenda akakwambia yalikwisha kununuliwa kabla ya papa mwenyewe kufika mezani.