Mfalme Aliyeambiwa Akae Nyumbani

Masomo: 2 Wafalme 14:1-20 na 2 Mambo ya Nyakati 25

Wapendwa wetu katika Bwana, ninyi mlio Nakivale pamoja na wenzetu wa hapa mjini, sisi wa Wandegeya tu wazima kwa neema yake. Kodi ya vyumba inatubana na kazi ni za kubahatisha, lakini Mungu hajatuacha.

Tunawaandikia juu ya jambo linalotuumiza. Tangu Goma ilipoanguka mwezi wa Januari 2025, ushirika wetu umeingiwa na baridi. Ibada ikiisha vijana wanaizunguka simu moja kusikiliza habari za vita. Mmoja analia, mwingine anatabasamu. Kila mtu ana jeshi lake analolitakia ushindi. Jumapili moja ndugu wawili walioshiriki meza moja ya Bwana walishikana mashati uani. Mmoja alikuwa amesema kwamba mtawala anayeteka nchi ya jirani ndiye mwanamume, na ndiye anayependwa na watu wake.

Je, ni kweli? Tuliulize Neno, kisha tuuulize na mji huu tunaokaa.

Amazia mfalme wa Yuda aliwapiga Waedomu 10,000 katika Bonde la Chumvi. Ushindi ule ukampanda kichwani. Akamtumia ujumbe Yehoashi mfalme wa Israeli kutaka wakutane uso kwa uso vitani. Yehoashi akamjibu kwa mfano wa mbaruti wa Lebanoni uliotaka kuoza kwa mwerezi, mnyama wa mwituni akapita na kuukanyaga. Akamshauri ajisifu kwa aliyoyapata na akae nyumbani kwake. Amazia hakusikia. Akashindwa Beth-shemeshi, na ukuta wa Yerusalemu ukabomolewa dhiraa 400. Lakini angalieni mwisho wake. Hakuuawa na Edomu wala na Israeli. Watu wa mji wake mwenyewe walimfanyia fitina. Akakimbilia Lakishi, wakamfuata, wakamwua huko.

Sasa tuje Kampala. Idi Amin alipochukua serikali tarehe 25 Januari 1971, watu wengi wa mji huu walijaa barabarani wakishangilia. Mama mmoja mzee wa soko la Wandegeya alituambia kwamba naye alipiga vigelegele siku ile, mtoto mgongoni. Mwaka 1972 Amin alipowafukuza Waasia, wako waliofurahi tena, wakidhani maduka yatakuwa yao. Mengi yalikwenda kwa askari na wapenzi wao. Muda si mrefu sukari, chumvi na sabuni vikaadimika.

Upendo ulipopungua ndani, mtawala akaanza kuangalia nje. Februari 1976 alisema kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya na ya kusini mwa Sudani zilikuwa mali ya Uganda. Wakenya wakaandamana kwa hasira, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa mizigo ya Uganda. Amin akarudi nyuma. Je, watu wa nyumbani walimpenda zaidi kwa ramani ile mpya? Machi mwaka uleule mwanafunzi wa Makerere alipigwa risasi akafa hapahapa Wandegeya, na wenzake wakaandamana. Agosti askari wakaingia chuoni, juu ya kilima hiki tunachokitazama kila asubuhi, wakawapiga wanafunzi vibaya. Mtawala anayependwa hahitaji kuwapiga watoto wa nchi yake.

Kanisa nalo lilionja kikombe hicho. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili. Septemba mwaka huo makanisa na madhehebu mengi yalipigwa marufuku, na waumini wakawa wanasali kwa siri majumbani.

Mwaka 1978 jeshi lenyewe liligawanyika. Askari wakaasi, wakubwa wakaogopana. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Amin yakavuka mpaka na kuingia Kagera, Tanzania. Watu wengi husema alitaka kuwapa askari wake adui wa nje ili wasahau ugomvi wa ndani. Tarehe 1 Novemba ikatangazwa kwamba nchi yote ya kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, imekuwa ya Uganda. Raia wakauawa, wanawake wakatendewa mabaya, ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa. Maelfu ya watu wakakimbia na mizigo kichwani. Sisi tunaijua safari hiyo.

Angalieni vita ile ilivyofanya. Ilimletea upendo mtawala mmoja, naye hakuwa Amin. Nyerere alipowaambia wananchi mwanzoni mwa Novemba kwamba Tanzania ina sababu, nia na uwezo wa kumpiga mvamizi, vijana walijiandikisha, na wananchi wakatoa chakula, ng'ombe na fedha. Upande wa Amin, askari walianza kukimbia. Februari 1979 Masaka na Mbarara zikaanguka. Machi Waganda waliokuwa wamekimbia nchi yao, wakimbizi kama sisi, wakakutana Moshi kupanga serikali mpya. Walibya waliotumwa na Gaddafi wakafa Lukaya wakimpigania mtu ambaye watu wake wengi walikuwa wamemwacha. Tarehe 11 Aprili Kampala ikawa mikononi mwa Watanzania na Waganda waliokuja nao.

Na watu wa Kampala? Walitoka wakishangilia majeshi ya nchi ile ambayo mtawala wao alikwenda kuiteka. Yule mama wa sokoni alipiga vigelegele mara ya pili, katika barabara ileile. Alituambia, "Mchungaji, mara ya kwanza sikumjua niliyemshangilia. Mara ya pili nilijua tu ninayemkimbia." Amin alifia uhamishoni Jeddah mwaka 2003.

Wapendwa, tunajifunza mambo matatu.

La kwanza, kelele za ushindi si upendo. Mtu mwenye njaa hushangilia siku moja, kesho yake huuliza bei ya chumvi. Mtawala hupendwa kwa haki anayoitenda ndani ya malango yake, kwa mjane na yatima wa kwake.

La pili, mkono uliozoea kupora nyumbani hupora na ng'ambo, na ukirudi haurudi umetakaswa. Amazia alirudi kutoka Edomu na miungu ya Edomu, akaisujudia. Ndiyo maana wazee wengi wa Kampala wakisikia Kiswahili chetu sokoni hugeuka kwa mashaka. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini wao walikisikia kwanza kinywani mwa askari aliyebisha hodi usiku. Basi tuwasalimu kwa upole, ili wakisikie pia kinywani mwa watu wa amani.

La tatu ni letu sisi. Tunakiri mbele zenu: mwaka 1997 tulikuwa vijana wa shule huko Kivu, tukacheza barabarani Mobutu alipoanguka, tukawashangilia majeshi ya nje yaliyokuja na AFDL. Mwaka uliofuata vita vilirudi, na baadhi ya majeshi tuliyoyapungia mikono yakawa yanapigana na serikali yaliyoileta. Waliokufa hawakuulizwa walikuwa wamemshangilia nani. Tangu hapo tunaogopa kumwazima mtu mwenye bunduki vigelegele vyetu.

Hatusemi kwamba asiyevamiwa na aliyevamiwa ni sawa, wala kwamba kujilinda ni dhambi. Watu wa Kagera walikuwa na haki ya kurudi makwao, na sisi tunayo. Tunasema hivi: mji ukianguka, kwanza tuhesabu wajane wake, si bendera zake.

Wale ndugu wawili bado hawajasalimiana. Jumapili ya meza ya Bwana inakuja, nasi tumewaomba wakae benchi moja. Ninyi wa Nakivale, tuombeeni. Kama kwenu pia wako waliogawanywa na redio na simu, msingoje vita iishe ndipo wapatane. Wapelekeni leo.

Mungu wa amani awalinde, awarudishe makwetu kwa wakati wake. Amina.

Mchungaji wenu, Wandegeya