Sala Isiyo na Hamu

Ikiwa wewe ni Mkristo, na umejiwekea saa ya kusali, sehemu ya Biblia ya kusoma kila siku, na pengine siku za kufunga wakati wa Kwaresima, hapana shaka umekwisha kuijua asubuhi ya namna hii. Kengele imelia, umepiga magoti kando ya kitanda, midomo yasema, lakini moyo haumo. Huoni furaha wala majuto. Wawaza chai, wawaza mtihani wa hesabu, wawaza baridi ya sakafu. Ndipo swali linapokujia: je, kumwambia Mungu maneno nisiyoyahisi si unafiki? Si afadhali ninyamaze mpaka hamu irudi?

Swali hili niliulizwa na mwanafunzi wangu mmoja, wala sikumjibu siku ile, maana nililikuta hata kwangu halijapata jibu. Si swali la mvivu. Mvivu haulizi, hulala. Huuliza mtu anayeuchukia uongo, na mtu wa namna hiyo astahili jibu lisilo la haraka.

Natutazame kwanza unafiki ni kitu gani. Mnafiki huvaa sura asiyo nayo ili mwingine aione. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 6, Yesu anawakemea watu wasalio mahali pa kuonekana, na wale wafungao huku wamekunja nyuso ili saumu yao ijulikane. Hawakemei kwa ukavu wa mioyo yao, bali kwa kutaka kutazamwa. Na dawa anayowapa wanafunzi wake ni chumba na mlango uliofungwa. Basi yule apigaye magoti gizani, peke yake, pasipo hamu, amdanganya nani? Watu hawamwoni. Mungu aujua ukavu wake kabla yeye hajaukiri. Tena, hata siku hiyo limo kinywani mwake neno moja la kweli tupu, nalo ni kusema, "Bwana, leo sina hamu." Waliotunga zaburi hawakungoja mioyo yao itulie ndipo wafungue vinywa, nyingi katika zaburi zao huanza kwa malalamiko.

Fikiri juu ya mama aliye na mtoto mchanga. Usiku wa manane mtoto alia. Mama aamka, macho mazito, mgongo wauma, naye amnyonyesha. Ukimwuliza saa ile kama ana hamu ya kuamka, atakucheka. Walakini hakuna mtu duniani atakayethubutu kumwita mnafiki, wala kumwambia kwamba upendo wake ungekuwa safi zaidi kama angengoja mpaka usingizi umwishe. Upendo wake umo katika kule kuamka. Hisia zake zitarudi mchana, au kesho, au zisirudi kwa juma zima. Mtoto atakuwa amenyonya. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hawakusema sharti apende kuinama.

Ukitaka mfano wa maisha mazima, upo Rabai, bara ya Mombasa. Mjerumani Johannes Rebmann alifika huko mwaka 1846 kufanya kazi ya Injili pamoja na Ludwig Krapf. Tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji juu ya Kilimanjaro, na alipoandika habari hiyo wako wataalamu Uingereza waliomkanusha, wakisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Krapf alirudi Ulaya, Rebmann akabaki. Alifiwa na mtoto, kisha na mke. Waliokubali kubatizwa walikuwa wachache mno. Aliendelea kukusanya maneno ya lugha za watu, akiyaandika kwa ajili ya kamusi, mpaka macho yale yaliyoiona theluji yakaanza kupofuka. Aliondoka mwaka 1875, baada ya miaka 29, akafa mwaka uliofuata. Sisemi alikuwa mtu mkamilifu. Wamisionari wa siku zile waliyadharau mambo mengi ya wenyeji wao, na jambo hilo halifai kufichwa. Lakini sisadiki kwamba hamu peke yake ingaliweza kumkalisha mtu miaka 29 mahali pamoja. Hamu haina miguu ya safari ndefu hivyo. Kilichomshika ni kazi ya kila siku na sala ya kila siku, zilizofanywa kwa kuwa saa yake imefika.

Mpaka hapa nimeitetea kanuni. Sasa yanipasa nikuonye juu yake, na onyo hili nimelinunua kwa bei ghali.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilianza kuweka daftari. Kila nilipotimiza sala ya alfajiri nilitia alama. Kila nilipofunga nilitia alama nyingine. Mwanzoni daftari lilinisaidia, maana mimi ni mtu wa kusahau. Baadaye nikaanza kuzihesabu alama zangu kama tajiri ahesabuvyo fedha, na kuwapima wenzangu kwa daftari wasilolijua. Nilipoajiriwa kufundisha katika shule ya bweni, daftari nilikuwa nalo bado.

Alfajiri moja, saa kumi na moja na nusu, mvulana mmoja alibisha mlangoni kwangu. Alikuwa ameambiwa jana yake arudi nyumbani akalete karo. "Mwalimu," alisema, "naomba dakika moja tu." Nilikuwa magotini, nimebakiza zaburi mbili. Nikamjibu, "Ngoja nimalize." Akasema, "Ndiyo, mwalimu." Nikazimaliza zaburi mbili, pole pole, kwa uchaji. Nilipofungua mlango saa kumi na mbili, hakuwapo. Alikuwa amepanda matatu ya kwanza. Hakurudi tena katika shule ile, wala sikupata kujua alichotaka kuniambia. Na katika daftari, mahali pa siku ile, ipo alama.

Msomaji, siku ile nilikuwa na hamu. Nakumbuka vyema, moyo ulikuwa umejaa, nikaona utamu wa sala kuliko siku nyingi. Jambo hilo ndilo lililonifundisha kwamba hamu si kipimo. Nabii Isaya, katika mlango wa 58, anazungumza na watu waliofunga na kuinamisha vichwa kama unyasi, huku wakiwaonea vibarua wao. Anawaambia saumu aipendayo Mungu ni kuwafungua walioonewa, na kumgawia mwenye njaa mkate. Yule mwenye njaa alikuwa amesimama nje ya mlango wangu.

Kwa hiyo, mwanafunzi wangu aliponijia tena baada ya majuma kadhaa, nilimjibu hivi. Asiiache sala kwa sababu hana hamu. Aifupishe akipenda, robo saa na zaburi moja, lakini asiiache. Akifunga chakula cha mchana siku ya Ijumaa, atafute ni nani darasani aliyekosa kitu siku hiyo, chakula kile kisibaki jikoni bure. Asiweke daftari. Na akitaka kujua kama sala yake ilikuwa ya kweli, asiuchungulie moyo wake saa ile ya alfajiri; aangalie saa nane mchana, jua likiwa kali, alimjibu namna gani mwenziwe aliyemwomba kalamu.

Akaniuliza kama mimi nafanya hivyo. Nikamwambia najaribu. Daftari nilikwisha kulichoma. Alfajiri bado napiga magoti saa ile ile, siku nyingi bila hamu yoyote. Na ingawa Injili yasema mlango ufungwe, wangu nauacha wazi kidogo.