Maji ya Kutu Msiyakimbie

Wajukuu zangu wa Kimuli, nawasikia mkisema maji ya pampu yana kutu, afadhali ya bondeni yanayong'aa. Hapo tutagombana. Chuma hakijifichi: ulimi unakijua, shati jeupe linakijua, na chai inakuwa nyeusi kama wino. Lakini vimelea vya homa ya matumbo, vinavyoweza kuwamo katika hayo ya bondeni, havina rangi wala ladha. Hata Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha chuma kwa sababu za kiafya. Linasema tu kwamba kikizidi miligramu 0.3 kwa lita huanza kutia madoa nguo na vyombo.

Wala chuma si mgeni kwetu. Wahunzi wa Karagwe walikuwa wakikifua kabla mpelelezi Speke hajafika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861. Huko chini ya ardhi maji hayana hewa, chuma huyeyuka kisionekane. Ndiyo maana dumu linatoka kisimani safi, likifika nyumbani limegeuka rangi. Basi hiyo hewa yapeni makusudi. Mimineni maji toka ndoo hadi ndoo, kwa juu, tena na tena, kisha yafunikeni yalale. Asubuhi tekeni ya juu taratibu, tope libaki chini, myapitishe kwenye chujio la mchanga uliooshwa ukatakata. Mchanga ukianza kupitisha kwa kusuasua, safisheni tabaka la juu.

Chujio la chungu msilipe maji ya kutu moja kwa moja, litaziba mapema, na bei yake mnaijua. Dawa ya klorini iwe ya mwisho kabisa. Mkiitia mapema, chuma kinaila na wadudu wanabaki. Asiye na dawa achemshe, ila akumbuke moto unaua vijidudu tu.

Lakini kabla ya kununua chochote, amkeni alfajiri mkaiangalie pampu. Ndoo za kwanza zikiwa nyekundu, kisha maji yakatakata kadiri watu wanavyoteka, shukuni bomba la chuma lililo kisimani. Maji yenye asidi hulila. Hilo ni la jumuiya ya watumia maji na RUWASA, wakala wa maji vijijini. Nendeni kikaoni na chupa mbili, ya maji ya kwanza na ya baadaye, maana malalamiko matupu huishia kwenye soda. Na msiondoke kabla hamjaambiwa bei ya mabomba ya plastiki.