Ziwa la Muramu Wangu

Jumapili iliyopita, baada ya misa, muramu wangu, yaani shemeji yangu, alinipakia kwenye gari akaniambia twende nikaone ziwa lake. Nikadhani ananitania. Sisi watu wa Gisenyi tuna ziwa moja, Kivu, na linatutosha. Ukifungua dirisha unaliona, ukifunga unalisikia. Gari likaacha lami, likapanda mlima upande wa mto Sebeya, tukapita migomba na mashamba ya viazi, mwisho tukasimama mbele ya shimo. Shimo kubwa kweli, nusu ya uwanja wa mpira. Kingo zake ni udongo mwekundu mbichi, alama za majembe bado zinaonekana, na ndani yake kuna maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanafika magotini.

"Ndilo hili," akasema, mikono kiunoni. "Ziwa langu."

Muramu alirudi mwaka jana baada ya kuishi Ubelgiji miaka mingi. Ni mkarimu, ana huruma, na fedha yake ameitolea jasho. Msomaji asimwone vibaya. Huko alikokuwa alijifunza starehe moja tu: kuvua karpe kwa ndoano. Karpe ni samaki mnene, mwenye magamba makubwa na ndevu fupi pembeni mwa mdomo. Akatoa simu akanionyesha picha. Amepiga goti kwenye nyasi, amembeba samaki mikononi kama mtoto wa kubatizwa, anatabasamu meno yote nje. Sasa anataka kuleta vifaranga vya karpe, avimwage humo, na kila Jumapili akae kando na kiti chake cha kukunja. Yeye na rafiki zake wawili watatu, basi.

Kijana aliyekuwa akichimba akasimamisha koleo.

"Bosi, hao samaki ukishawavua utamuuzia nani?"

"Siuzi."

"Ah, ni wa kula nyumbani."

"Hawaliwi. Unamvua, unapiga picha, unamrudisha majini."

Kijana akanitazama mimi, kama mtu anayesubiri mkalimani. Sikuwa na tafsiri. Akainama, akaendelea kuchimba.

Nilipofika nyumbani nikakumbuka habari ya Benson. Huyu alikuwa karpe jike wa Uingereza, akiishi kwenye bwawa la wavuvi wa starehe karibu na Peterborough. Alikuwa na uzito wa kilo 29 hivi, na inasemekana alinaswa zaidi ya mara 60, kila mara akirudishwa. Alipokufa mwaka 2009, magazeti yalimwandika kama wanavyoandikwa marehemu wakubwa. Nilicheka, kisha nikajirudi. Kila watu na starehe zao. Wapo wanaofuga mbwa wasiolinda nyumba, na mimi mwenyewe nina redio tatu na masikio mawili.

Kwa hiyo si starehe yake iliyonikera. Kilichonikaa kooni wiki nzima kama mwiba wa samaki ni lile neno: ziwa *langu*.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa kinachomnyonyesha mtoto na kwa kinachopokea maji ya milima. Vyote viwili ni ziwa, na vikiwa vingi ni maziwa, sawa na kile kinachotoka ndani yake. Mama anayenyonyesha huweza kusema ziwa langu, ni kweli, maana liko mwilini mwake. Lakini akilisema hivyo macho yake yako kwa mtoto. Muramu alipolisema, macho yake yalikuwa kwenye kiti cha kukunja.

Atanijibu, na kwa kweli alishanijibu mle garini, kwamba ana hati ya ardhi. Anayo, nimeiona, kila kitu sawasawa. Lakini hati ile ni ya udongo. Pale kwenye kona ya chini ya shimo nilikuta bomba la plastiki, pana kiasi cha kupitisha mkono wangu hadi begani, mdomo wazi, halina hata kipande cha wavu. Ndilo la kupunguza maji mvua ikizidi. Maji yale yanaingia mferejini, mfereji unaingia kijitoni, kijito kinaingia Sebeya, na Sebeya inaingia Kivu. Hati ya muramu inaishia kwenye mdomo wa lile bomba.

Hapo ndipo aliponishika pabaya, na lazima niseme ukweli, hoja yake ni nzito. "Wewe," aliniambia, "isambaza unayokula kila jioni na pilipili, unajua ilitoka wapi?"

Najua. Ilitoka Tanganyika. Kivu ilikuwa na samaki wa aina chache sana kwa ukubwa wake. Volkano za Virunga ziliziba njia ya kwenda kaskazini, maji yakageukia kusini kupitia Ruzizi, na maporomoko ya mto ule hayampandishi samaki. Katikati ya ziwa palikuwa kama shamba lisilolimwa. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Mbelgiji mmoja, Collart, akaleta dagaa wachanga kutoka Tanganyika akawamwaga humu. Aina moja ikashika: isambaza, ndiyo hiyo hiyo wenzetu wa Goma wanayoiita sambaza. Mwaka 1979 ukaanza mradi wa FAO hapa hapa Gisenyi, watu wakafundishwa kuivua, na leo sijui mji huu ungenuka nini jioni kama isingekuwapo.

"Basi," akasema muramu, akijiona ameshinda kesi, "mgeni njoo, mwenyeji apone."

Methali nzuri. Ila tuangalie nani alikuja, na kwa ajili ya nani. Isambaza ililetwa iingie kwenye sufuria ya kila mtu. Uamuzi ulikuwa wa wakoloni na haukupigiwa kura, nakubali, lakini nia yake ilikuwa chakula, na ulifanyika mchana kweupe. Hata hivyo haukukosa gharama: vijidudu vikubwa vya majini vilivyokuwa chakula ziwani vilipungua sana, na aina nyingine ikatoweka. Kisha mwaka 2006 akaonekana mgeni mwingine wa kutoka Tanganyika, bila mradi wala sherehe. Huyu hugombania riziki na isambaza, na wavuvi wakampa jina: rwandarushya. Jina hilo halikutoka maabara, limetoka mitumbwini.

Mgeni mmoja alituponya, mwingine akaja kushindana nasi. Muramu anataka kurusha sarafu mara ya tatu, na sarafu yenyewe si yake peke yake.

Tena mchezo huu wa kuleta samaki kwa ajili ya ndoano una historia ndefu Afrika Mashariki. Mwaka 1905 mayai ya trauti yalisafirishwa kutoka Uskoti hadi mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya, ili walowezi wapate cha kuvua. Mwaka 1929 wakaleta besi wa Kimarekani katika Ziwa Naivasha. Miaka ya 1950 maofisa wa kikoloni wakaingiza sangara katika Ziwa Victoria. Walitaka nyama zaidi, lakini wamo waliotaka pia samaki mkubwa wa kupambana naye kwenye kamba. Sangara akajenga viwanda, Watanzania wakamwita mkombozi, na aina za furu zinazokisiwa kufika 200 zikamalizika. Ukiwauliza watu wa Mwanza leo, mmoja atakuambia sangara alimsomeshea watoto, wa pili atakuambia babu yake alikula samaki ambaye mjukuu hatamwona. Wote wawili wanasema kweli.

Na karpe mwenyewe? Nendeni Naivasha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa pale walianza kumkuta nyavuni, samaki ambaye hakuna aliyetangaza kumleta. Watafiti wengi wanaamini alitoroka kwenye mabwawa ya kufugia huko juu, kwenye mkondo wa mto Malewa, mvua kubwa zilipofurika. Kwa maneno mengine, alitoka kwenye "ziwa langu" la mtu. Haikupita miaka kumi akawa ndiye anayejaza mitumbwi kuliko samaki wote. Jike mmoja mkubwa hutaga mayai malaki kwa malaki. Hula kwa kufukua tope kama nguruwe, anang'oa majani, maji yanakuwa machafu, na mayai ya wengine yanafukiwa humo humo. Wateja walimnunia mwanzoni kwa wingi wa miiba, baadaye wakamzoea. Njaa haichagui.

"Lakini si unaona? Wamemzoea!" Namsikia muramu hata sasa ninapoandika. Wamemzoea, ndiyo. Mtu huzoea hata mguu wa bandia. Hiyo si sababu ya kumkata mguu.

Tena Kivu ina udhaifu ambao Naivasha haina. Mgeni akitazama kutoka ufukweni huona bahari. Lakini sisi tuliozaliwa hapa tunajua kwamba ziwa lile lenye kina cha karibu mita 485 ni jumba la ghorofa ambalo watu wanakaa ghorofa ya juu tu. Chini ya mita 60 na kitu hakuna hewa ya samaki, kuna gesi: kabonidayoksaidi, na ile methani tunayoichimba kwa ajili ya umeme. Na kingo zake ni mteremko mkali. Sehemu za maji mafupi yenye matete, mahali samaki wadogo wa asili wanapotagia, ni ukanda mwembamba sana. Huko ndiko karpe angepiga kambi.

Jumatano nilimwomba muramu kitu kimoja tu: tufuate maji yake kwa miguu. Alikubali, nimesema ni mtu mwema. Tulianzia kwenye bomba. Mfereji ulitupeleka kijitoni, tukakuta wasichana watatu wanajaza madumu, wakatusalimia. Tukashuka mpaka Sebeya, ambayo siku hiyo ilikuwa imetulia, rangi yake kahawia kama kawaida. Upande wa Rugerero muramu akasimama. Mbele yetu palikuwa na kizingiti cha saruji na ngazi mbili, nyuma yake hakuna nyumba. Nyasi tu.

"Hapa pamekuwaje?"

Yeye hakuwapo usiku wa mafuriko, tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023. Sisi tulikuwapo. Rwanda nzima walikufa watu zaidi ya 130, wengi wao katika mkoa wetu wa Magharibi, na Sebeya ilipita Nyundo, Kanama na Rugerero ikibeba nyumba na waliolala ndani. Sikumwambia mengi. Nilimwambia usiku ule mto haukuuliza kiwanja cha nani.

Akatembea kimya muda mrefu, kisha akasema ataweka wavu kwenye bomba. Nikamjibu kwamba wavu ni jambo jema, lakini mto uliong'oa nyumba hautashindwa na wavu wa dirisha. Maji yakimwagika hayazoleki, na samaki aliyemo ndani ya maji hayo hazoleki vilevile.

Tulifika Rubona, ufukweni, jua linazama. Wavuvi walikuwa wanajiandaa: mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti, mingine mirefu imechomoza mbele na nyuma kama ndevu za kambamti, taa zimening'inizwa tayari. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye jiwe anashona wavu wenye matundu madogo kama ya chandarua. Muramu akamsalimu kwa heshima, akamuuliza kazi inaendaje.

"Inaenda," mzee akasema. "Kila mwaka tunafungiwa miezi miwili isambaza izaane. Nyavu zinalala ndani, na sisi na watoto tunalala tunavyolala. Lakini tunajua ni kwa faida ya wote."

Sikumtuma aseme hivyo. Muramu alitazama chini.

Nilijiuliza njiani kama hasira yangu haina wivu ndani yake. Labda upo kidogo. Sijawahi kuwa na hata beseni la samaki. Kuketi kando ya maji na kamba mkononi, dunia ikakuacha, ni raha ambayo mtu aliyefanya kazi miaka mingi ugenini anaistahili. Simnyimi. Bwawa lake abaki nalo, na kiti chake. Amwage humo ingege, yaani tilapia, ambao wametapakaa kila kona ya nchi hii. Ndoano haijui jina la samaki. Akiwa bado anamtaka mkubwa wa kupiga naye picha, nauli ya kurudi Ubelgiji kwa likizo anayo. Lakini karpe juu ya Sebeya, hapana. Kwa hili sina "labda".

Mitumbwi iliposukumwa majini wavuvi walianza kuimba, kama wanavyofanya kila jioni ili makasia yaende pamoja. Muramu alichukua simu yake akawarekodi, halafu akasema polepole kwamba vifaranga alishavilipia nusu.

Hadi naandika haya bado havijafika. Na bomba liko wazi.