Kiriba Hujazwa Kabla ya Safari

Ukipita asubuhi kwenye vitalu vya miche huko Bunda, utawakuta kina mama wamekaa chini wakijaza udongo kwenye viriba. Mmoja anashindilia kwa vidole, anakitikisa kiriba ili udongo ushuke mpaka chini, kisha anaongeza mwingine. Mbegu bado haijatiwa, na mvua bado haijanyesha. Yeye anajaza tu.

Wazee wetu walikuwa na kiriba kingine, cha ngozi, cha kuchukulia maji safarini. Ndicho alichobeba Hajiri, yule mama wa kwenye Biblia, alipokwenda jangwani na mwanawe. Mfuko wa ngozi hujazwa pumzi pia, si maji tu. Ndugu zetu walioko Oman huiona zumari yenye mfuko kama huo, iitwayo habban, ikipigwa kwenye sherehe. Mpigaji huupuliza mfuko ukajaa, akaubana kwapani. Akitua kuvuta pumzi, sauti haikatiki, kwa sababu ngozi imehifadhi alichokwisha kuipa.

Hapo tutulie kidogo. Ziko siku nasi tunaishiwa pumzi. Mwenzi wako amekujibu vibaya mbele ya wageni. Ndugu uliyechanga naye mtaji wa dagaa pale Musoma amekula fedha, na simu hapokei. Saa hiyo msamaha utatoka wapi? Je, moyoni mna akiba?

Akiba hiyo haitafutwi siku ya shida. Huingia kidogo kidogo: sala fupi kabla ya kutoka, salamu kwa jirani asiyeitikia vizuri, neno jema wakati wa chakula. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuzikwa huko huko mwaka 1999, alijulikana kwa mazoea yake ya kuhudhuria Misa kila siku, pamoja na mzigo wote wa kuongoza nchi.

Nawe usijihukumu ikiwa leo umejikuta mtupu. Hajiri naye maji yalimwishia, akalia, na Mungu akamfumbua macho akaona kisima. Mwombe akujaze. Kisha wiki hii chagua tendo moja dogo la upendo, umfanyie mtu yule yule kila siku, kabla hajakukosea.