Gari la Desemba

Mtajie Mkenya gari la umeme na kabla hajauliza bei atakuuliza kama linafika Mombasa. Wa Dar es Salaam atauliza Moshi, wa Kampala atauliza Gulu au Kabale. Swali lenyewe ni halali. Nairobi hadi Mombasa ni kilomita zinazokaribia 490, Dar hadi Moshi ni kama 550, na si upuuzi mtu kutaka kujua kama atalala njiani na watoto. Ila anayeuliza huenda Mombasa mara moja kwa mwaka, mara mbili akijaliwa. Siku nyingine zote gari lake linatoka Kitengela au Ruiru alfajiri, linakaa foleni, linaegeshwa juani hadi jioni, kisha linarudi lilikotoka. Ninavyoona, tunanunua magari kwa kipimo cha safari iliyo adimu kuliko zote tunazofanya. Mazoea hayo yalifichwa na petroli kwa miaka mingi, na gari la umeme limekuja kuyaanika.

Petroli iliyaficha kwa sababu tanki ni kitu rahisi. Kati ya tanki la lita 40 na la lita 60 kuna tofauti ya bati na plastiki tu, na likiwa tupu halimlemei mtu. Uwezo wa kwenda mbali ulikuja na gari bure. Hakuna aliyetakiwa kuulipia siku ya kununua, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza kama anauhitaji. Kwenye gari la umeme kila kilomita ya ziada inalipiwa mapema. Betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote, na betri ya uniti 80, uniti zile zile tunazonunua kwa tokeni, ina uzito unaozidi kilo 400. Uzito huo utaubeba hata ukienda kununua maziwa. Ni sawa na kupikia chai ya watu wawili kwenye sufuria la harusi. Wala si mfuko wako peke yake unaoumia. Betri nyingi zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, sana sana pande za Kolwezi, ambako wachimbaji wadogo wanaozungumza Kiswahili hiki hiki hushuka mashimoni kwa sururu na kamba. Zipo betri za chuma na fosfati zisizo na kobalti kabisa, na magari mengi ya Kichina yanazitumia, lakini hata hizo zina lithiamu na shaba zilizofukuliwa mahali. Kununua betri maradufu ya mahitaji yako ili Desemba isikutie wasiwasi ni kuagiza uchimbaji maradufu.

Halafu kuna tabia ya mashine yenyewe. Injini ya petroli huchoma mafuta vizuri ikiwa barabara kuu, na huyapoteza mjini, ikinguruma pale pale huku dereva akitazama taa za gari la mbele. Mota ya umeme ni kinyume chake. Ikisimama imesimama, haili kitu isipokuwa redio na kipoza hewa, na dereva akiinua mguu inageuka jenereta na kurudisha umeme kidogo betrini. Kinachoichosha ni mwendo kasi. Kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 110, nguvu ya hewa inayolizuia gari huongezeka zaidi ya mara tatu. Foleni ya Mombasa Road, ile inayotutoa matusi asubuhi na mapema, ndiyo uwanja wake wa nyumbani. Chukua Nissan Leaf ya 2018 yenye betri ya uniti 40, ambayo ilipopimwa Marekani ikiwa mpya ilipewa takriban kilomita 240 kwa chaji moja. Tuseme betri imezeeka na kupoteza robo nzima. Zimebaki kilomita 180. Kitengela hadi katikati ya jiji na kurudi haizidi 70. Hata Thika, ambayo ni kama kilomita 45 kutoka Nairobi, unakwenda na kurudi na chaji nyingine inabaki.

Pesa nazo zinasema hivyo hivyo. Mtu wa kilomita 1,000 kwa mwezi, mwenye gari dogo linalokunywa lita 8 kwa kilomita 100, hununua lita 80; kwa bei ya Nairobi ya 2025, takriban Sh180 kwa lita, hizo ni Sh14,400. Gari la umeme kwa umbali huo litataka kama uniti 180, upotevu wa kuchaji ukiwamo, na kwa Sh30 kwa uniti pamoja na kodi na ada ni Sh5,400. Kwa mwaka tofauti inapita Sh100,000. Tangu 2023 Kenya ina bei maalumu ya umeme wa magari, Sh16 kwa uniti na Sh8 saa za usiku kabla ya kodi, ingawa imewalenga zaidi wanaochaji kwa wingi. Hiyo ya usiku ina mantiki yake: watu wakilala, mvuke wa ardhini wa mitambo ya umeme ya Olkaria umekuwa ukiachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia. Lakini hesabu hii ina upande wa pili, na wauzaji hawautaji. Bei ya kununulia mara nyingi iko juu, na anayetoa gari Jumapili kwenda kanisani na kurudi hatairudisha tofauti hiyo maishani. Gari hili linamlipa anayeliendesha kila siku, na kilomita zake anazijua.

Turudi kwenye Mombasa, maana sitaki kumdanganya mtu. Kushuka ni raha. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na sehemu ya umeme unaoutumia inarudi kwenye miteremko. Shughuli iko kwenye kurudi. Kulipandisha gari la tani moja na nusu mita 1,700 kunahitaji karibu uniti 7, hiyo ikiwa kazi ya kupanda peke yake, kabla hujahesabu umbali. Kwa ile Leaf yetu iliyobakiwa na uniti 30, ni karibu robo ya betri. Tena betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza. Ukiichaji haraka mara mbili siku moja katika joto la Tsavo inajilinda kwa kupunguza kasi, na mapumziko ya nusu saa Mtito Andei yanakuwa saa nzima na ushei. Vituo vya kuchajia njiani bado vinahesabika, na ukikuta kimoja kibovu huna jirani wa kumkimbilia. Kwa hiyo naam, safari hiyo kwa betri ndogo ni tabu. Siku ya tabu hiyo, panda kitu kingine. Kodi gari la petroli kwa Sh6,000 kwa siku, siku kumi ni Sh60,000 na mafuta juu yake, na ile akiba ya mwaka inatosha. Au panda basi. Au treni, na hapo Watanzania wametutangulia: reli ya kisasa ya Dar hadi Dodoma, iliyoanza kubeba abiria 2024, inaendeshwa kwa umeme, ilhali yetu ya Mombasa bado inakunywa dizeli.

Pingamizi lenye uzito halihusu betri. Linahusu kurudi nyumbani. Safari ya Krismasi kwenda ushago, au ya Wachaga kupanda Kilimanjaro mwisho wa mwaka, ina mzigo usiopandishwa treni: godoro la mama, mabati, unga, sukari ya majirani. Kurudi ni gunia la mahindi, mkungu wa ndizi, na jogoo aliyefungwa miguu anayepiga kelele hadi Nakuru. Tena gari lenyewe ni ripoti. Linaposimama uani, kijiji kizima kinasoma mwaka wako ulikwendaje, na aliyekuja mwaka jana na gari akija mwaka huu na basi, maneno yataanza kabla hajavua viatu. Silibezi hilo. Heshima ni kitu cha kweli, na mzazi aliyeuza ng'ombe akusomeshe ana haki ya kuonyesha matunda yake. Lakini tujiulize heshima hiyo ya siku kumi inalipiwa na nani siku 355 zilizobaki. Inalipiwa na karo inayochelewa, na gari kubwa linaloegeshwa katikati ya mwezi kwa kukosa mafuta huku mwenyewe akipanda matatu na kusema liko kwa fundi. Mzigo wa mama unaweza kubebwa na gari la kukodi vizuri tu. Kijiji kitazoea, kilizoea hata simu.

Kuna wasemao stima zitapotea. Zinapotea, na Agosti 2023 zilipotea karibu Kenya nzima kwa usiku mzima. Ila betri inayotosha siku mbili haijali usiku mmoja wa giza, na wenye petroli husahau kwamba pampu nayo inavuta mafuta kwa umeme. Na umeme ukiwapo, soketi ya kawaida ya nyumbani, kwa ampia 10, inatoa kama uniti mbili na nusu kwa saa. Usiku wa saa kumi ni uniti 24, zaidi ya kilomita 120. Sharti nyaya za nyumba ziwe nzima na zenye ethi. Ekstensheni ya bei rahisi ya kando ya barabara itayeyuka kabla ya saa sita usiku.

Anayekwenda yadi kununua la mtumba ndiye anayehitaji macho. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na sasa hilo linazuia kuingizwa kwa Leaf za mwanzo za uniti 24, ambazo hata zikiwa mpya zilifika kama kilomita 120. Tanzania huruhusu magari ya zamani kwa ushuru wa ziada, na hapo mnunuzi ajichunge. Pembeni mwa kipimo cha chaji kwenye dashibodi ya Leaf kuna vistari 12 vya afya ya betri. Cha kwanza hakizimiki hadi betri ipoteze kama asilimia 15, kwa hiyo 12 kamili havimaanishi mpya, na vikibaki tisa imepoteza zaidi ya robo. Wapo walaghai wanaojua kuifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri vistari vyote vikawaka upya. Dawa yao ni moja: lichajiwe lijae mbele yako, uliendeshe kilomita 50, kisha uangalie asilimia ngapi zimeondoka. Fungua pia kile kifuniko cha puani utazame tundu. Leaf ya Kijapani huchaji haraka kwa tundu la CHAdeMO, magari ya Ulaya yana la kwao na ya Kichina la kwao, na kituo cha njiani kisicho na plagi yako ni sawa na ukuta. Madalali hawaulizwi hayo. Wanaulizwa rangi na rimu.

Walioelewa mapema hesabu hii ya kununua kwa safari ya kila siku ni wanaoishi kwa kipato cha siku. Mabasi ya umeme ya BasiGo yalipoanza Nairobi 2022, mwenye basi alinunua mwili wa basi, betri akailipia kwa kila kilomita, kwa sababu njia yake anaijua kuanzia stendi hadi stendi. Kigali na Nairobi, bodaboda wa umeme hafungwi na betri hata kidogo: anafika kituoni, anachomoa iliyokwisha, anapachika iliyojaa, anarudi kazini kwa dakika chache. Rwanda imeamua kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Bodaboda hanunui chombo kwa sababu ya safari ya Krismasi. Ananunua kwa hesabu ya leo jioni, baada ya kutoa mafuta na mkopo. Na wapo ambao hesabu yao ya leo ni mbali kweli, daktari wa mifugo wa Garissa, mwenye duka wa Lodwar anayefuata bidhaa Kitale. Hao waendelee na dizeli yao bila kuhubiriwa na mtu.

Pingamizi ambalo sina jibu lake la kunitosheleza ni la mpangaji. Wakazi wengi mno wa Nairobi wanapanga. Gari linalala chini kwenye ploti, mita ya tokeni iko orofa ya nne, na mwenye nyumba akiona waya unateremka dirishani atadhani unaiba umeme wa taa za ngazi. Kuchajia kazini kunawasaidia wachache wenye mwajiri muungwana. Mita ndogo ya pembeni kwenye maegesho, kila mtu na hesabu yake, ingemaliza ugomvi, lakini nani ataigharimia katika nyumba ambayo mpangaji huenda akahama mwezi wa sita? Kwa jengo linalochimbwa msingi sasa hivi ni rahisi: bomba tupu la kupitisha waya kutoka chumba cha mita hadi maegesho halionekani hata kwenye bajeti ya saruji, na kaunti zinazoidhinisha ramani zingeweza kulidai leo. Kwa majengo yaliyokwisha kusimama, ni mazungumzo na keyateka, kisha na mwenye nyumba, pengine na wakili. Mpangaji mwenye mawazo ya gari la umeme anayekwenda kutazama nyumba wiki hii, aulize maegesho yako umbali gani na mita kabla hajauliza maji huja siku ngapi kwa wiki.